Nyumba ya Kwanza ya Kupangisha: Faida Humfuata Mwenye Dhamana

Kila sifa njema ni ya Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu zangu wanafunzi, katika darasa zetu za fiqhi ya miamala swali la nyumba za kupangisha linaulizwa kila mara, na wanaouliza si wazee wenye mvi. Ni vijana wa mwaka wa pili na wa tatu. Mmoja ana kaka anayefanya biashara Kisenyi, mwingine ana dada aliyekwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni, na kila akituma fedha nyumbani anasema: nitafutieni mahali pa kuziweka. Fedha hizo ni miaka ya ujana wa mtu, kazi ya alfajiri mpaka usiku wa manane katika nyumba ya watu. Zikipotea kwenye kiwanja chenye kesi, hakuna wa kumrudishia miaka ile. Kwa hiyo swali lenyewe ni zito kuliko linavyosikika, na jibu linalotolewa mitaani ni jepesi mno: nunua vyumba, kodi itakulea.

Mimi nimesoma mlango wa ijara kitabuni kama wenzangu, na mwaka juzi nikauona uwanjani, kwa kuwa mjomba wangu alitaka mtu wa kumsomea karatasi alipokuwa akitafuta vyumba vya kununua wilayani Wakiso. Ninayoandika hapa nimeyapata kwa kuziweka pande hizo mbili pamoja. Katika makala hii neno kodi nitalitumia kwa fedha ya mpangaji peke yake. Inayokwenda serikalini nitaiita ushuru, tusichanganyikiwe.

Tuanze na swali ambalo wengi hulipita. Kodi ya nyumba ni halali kwa sababu gani?

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kisa cha mtu aliyenunua mtumwa, akakaa naye muda na kumtumikisha, kisha akagundua kwamba ana aibu aliyokuwa nayo tangu kwa muuzaji. Akamrudisha. Muuzaji akalalamika kwamba mnunuzi amekwisha kunufaika na kazi za mtumwa huyo. Mtume (s.a.w.) akahukumu kuwa pato lile ni haki ya aliyekuwa na dhamana. Hadithi imo katika Sunan ya Abu Dawud na ya Tirmidhi, na wanazuoni wameifanya kanuni: al-kharaju bi-dhamani. Wamefafanua kwamba lau mtumwa yule angekufa akiwa mkononi mwa mnunuzi, hasara ingekuwa ya mnunuzi, basi na pato ni lake.

Hapo ndipo kodi inapoachana na riba. Aliyekopesha milioni 10 na kudai milioni 12 anazidai hizo 12 hata mkopaji akiunguliwa na duka usiku wa kuamkia malipo. Mwenye nyumba si hivyo. Anauza manfaa ya kitu ambacho wakati wote kimo katika dhamana yake: paa likiezuliwa na upepo limeezuliwa lake, chumba kikikaa kitupu miezi miwili, mfuko uliokauka ni wake. Mwenye kununua nyumba ya kupangisha basi anunue akijua kwamba ananunua vitu viwili kwa bei moja, kodi na mzigo wake. Na kwa kuwa tumetaja mzigo: huku Buganda vyumba vile vya mstari mmoja, chumba kimoja kimoja chenye mlango wake, huitwa mizigo. Wenzetu kutoka Tanzania hucheka wakisikia mtu amenunua mizigo mitano. Wangeimiliki mwaka mmoja tu wangeona kwamba Waganda wamesema kweli.

Hesabu ya dalali na hesabu ya mwenye nyumba

Dalali huhesabu kodi na kuuacha mzigo. Tuchukue mfano wa vyumba vitano, kila kimoja kodi yake shilingi 100,000 za Uganda kwa mwezi, na bei yake milioni 50. Namba hizi nimeziweka mimi kwa ajili ya kujifunzia, kila mtu aweke za mahali pake. Dalali atasema: laki tano kwa mwezi, milioni 6 kwa mwaka, baada ya miaka 8 na miezi minne fedha yako imerudi yote, na kuanzia hapo unakula bure.

Sasa tuhesabu sisi. Kwanza, milioni 50 si bei kamili. Kuna ushuru wa stempu wa kuhamisha hati, asilimia 1.5, ambao ni 750,000. Kuna wakili na mpima ardhi, tuwawekee 1,750,000. Tumefika milioni 52 na nusu kabla hatujabadilisha kitasa kimoja. Pili, kodi. Kila chumba kikae kitupu mwezi mmoja tu kwa mwaka, imetoka 500,000. Mpangaji mmoja ahame usiku akiwa na deni la miezi mitatu, imetoka 300,000. Zimebaki 5,200,000. Serikali nayo inataka haki yake. Mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya pato lote la kodi linalozidi 2,820,000 kwa mwaka, bila ya kupunguziwa gharama, utaratibu ulioanza Julai 2022. Katika mfano wetu ni 285,600. Mabati, milango, rangi na vitasa, tuseme 600,000. Kunyonya shimo la choo, kuzoa taka na kumlipa mlinzi, 400,000. Kilichobaki mkononi ni 3,914,400. Gawanya kwa milioni 52 na nusu upate kama asilimia 7 na nusu. Fedha itarudi baada ya miaka zaidi ya 13.

Simkatishi mtu tamaa. Asilimia 7 na nusu ya halali, juu ya ardhi ambayo huenda ikapanda thamani, ni riziki ya kushukuriwa. Lakini aliyenunua kwa hesabu ya miaka minane atafanya nini mwaka wa pili, akiona fedha haiji kama alivyoambiwa? Nimeyaona mitaani kwetu. Anapandisha kodi ghafla, anaacha paa livuje, anamng'olea mlango mama mwenye watoto kwa deni la wiki mbili. Dhuluma nyingi za wenye nyumba huzaliwa siku ya kununua, kwenye karatasi ya hesabu iliyosahau nusu ya mambo.

Fedha itoke wapi

Hapa watu hukimbilia mkopo. Hukumu ya mkopo wa riba mnaijua, iko wazi katika Suratul Baqara, na sitairefusha. Naongeza hesabu moja tu. Katika mfano ule ule, ukikopa nusu ya bei, milioni 25, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni 4,500,000. Nyumba imekupa 3,914,400. Yaani wapangaji watano wamefanya kazi mwaka mzima, wewe umezibua choo na kulipa ushuru, na bado unadaiwa zaidi ya laki tano na nusu kabla ya kugusa deni lenyewe. Lakini uharamu wa riba hausimami juu ya hasara hii. Hata kama nyumba ingelipa, hukumu isingebadilika.

Uganda ilibadilisha sheria ya taasisi za fedha mwaka 2016 ili kuruhusu benki za Kiislamu, na mwaka 2023 Benki Kuu ikaipa Salaam Bank leseni ya kwanza ya namna hiyo. Kenya na Tanzania walitutangulia. Hilo ni jambo la kheri, ila nina neno kwa wenzangu wanaodhani kwamba jina la Kiarabu kwenye fomu limemaliza kazi. Muulize mtu wa benki: nyumba hii ikiteketea kabla sijamaliza kulipa, hasara ni ya nani? Katika ijara inayoishia kwenye kumilikishwa, benki ndiyo mwenye nyumba mpaka siku ya kuhamisha, kwa hiyo matengenezo makubwa na bima ya takaful ni juu yake, wala haifai kumtupia mpangaji katika mkataba. Katika musharaka unaopungua, kila mmoja anabeba hasara kwa kiasi cha fungu lake. Katika murabaha, benki lazima iwe imenunua na kumiliki kwanza, hata kama ni kwa saa chache, ndipo ikuuzie, Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Jibu la swali lile moja litakuonyesha dhamana iko wapi, na faida ya benki inasimama juu ya nini. Halafu rudi kwenye karatasi yako ya hesabu. Muamala unaweza kuwa halali na bado ukakushinda kulipa.

Njia ya tatu ni kuchanga. Watu watano wa familia moja, au marafiki waliomaliza chuo pamoja, wakinunua nyumba moja, kila mmoja anamiliki kwa kiasi alichotoa, na kodi inagawanywa kwa kiasi hicho hicho. Andikeni mafungu siku ile ile fedha inapotoka, na majina yote yaingie kwenye hati. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na katika jambo la ndugu kwa ndugu ndiyo aya tunayoisahau haraka kuliko zote.

Kununua: ardhi ni ya nani hasa?

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inatambua namna nne za kumiliki ardhi: ya kimila, ya umiliki huru, ya mailo na ya kukodi kwa miaka. Mailo ilitokana na mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, na ndiyo inayowachanganya wageni wengi, kwa sababu juu ya ardhi moja wanaweza kuwepo watu wawili wenye haki. Kuna mwenye hati ya mailo, na kuna mwenye kibanja anayeishi pale na kumlipa mwenye mailo busuulu kidogo kila mwaka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inawalinda wote wawili.

Kwa mnunuzi maana yake ni hii. Ukiambiwa unauziwa kibanja, hununui ardhi yenyewe. Unanunua haki ya kuikalia. Muuzaji anatakiwa kumpa mwenye mailo nafasi ya kwanza ya kununua na kupata idhini yake. Baada ya hapo mnunuzi hupelekwa kutambulishwa kwake, na malipo ya utambulisho huo bado huitwa kanzu, jina la vazi letu lile lile. Usipotambulishwa, mwenye mailo anaweza kusema hakujui, na muhuri wa mwenyekiti wa LC1 hautakusaidia mbele yake. Upande wa pili, ukinunua hati ya mailo na ndani yake mna watu wenye vibanja, hukuwanunua wao. Utawakuta na haki zao, na wewe utakuwa mwenye mailo wao mpya. Aliyenunua hati kisha akaleta tingatinga alfajiri akumbuke hadithi ya Said bin Zayd (r.a.) juu ya anayechukua shibiri moja ya ardhi kwa dhuluma, atakavyovishwa shingoni kutoka ardhi saba. Said mwenyewe aliisimulia aliposhitakiwa na mwanamke aliyeitwa Arwa kwamba amemchukulia ardhi yake.

Wenzetu wa Tanzania, Kenya, Burundi na Kongo wanaosoma hapa wajue pia kwamba asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki mailo wala umiliki huru. Anaruhusiwa kukodi ardhi, isizidi miaka 99. Ukiona rafiki Mganda anajitolea hati iandikwe kwa jina lake kwa niaba yako, hata akiwa mcha Mungu, umefanya mirathi yake iwe kesi yako.

Na mirathi ndiyo iliyotusimamisha mimi na mjomba. Vyumba vya kwanza tulivyoonyeshwa vilikuwa vizuri, karibu na barabara, bei chini ya majirani zake. Muuzaji alikuwa kijana mpole aliyetuonyesha hati yenye jina la marehemu baba yake na barua ya LC1. Mjomba alikuwa tayari kuweka arbuni siku ile ile. Nikamwomba tuswali Adhuhuri kwanza katika msikiti wa pale, na baada ya swala tukakaa na wazee wawili tukawauliza habari za marehemu. Mmoja akauliza: na yule binti yake aliyeko Jinja amekubali? Hatukuwa tumeambiwa kuna binti. Tulipopiga simu kwa kijana, alisema dada yake ameolewa, hana haki tena pale.

Hilo si kweli katika sharia wala katika sheria ya nchi. Binti anarithi, ameolewa au hajaolewa. Na mrithi mmoja hawezi kuuza zaidi ya fungu lake. Kuuza mali ya mwingine bila idhini ni kile tunachokisoma kwa jina la bay'ul fudhuli. Imamu Shafi'i, katika kauli yake mpya, anaona ni batili tangu mwanzo. Abu Hanifa na Malik wanaona mauzo yanangoja idhini ya mwenyewe, akikataa yamevunjika. Kwa kauli yoyote ile, mjomba angelipa fedha na asimiliki kitu. Nchini pia, mali ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama imempa mtu mamlaka ya kuisimamia. Na kama nyumba ni ya familia na mwenyewe yu hai, idhini ya mke au mume inahitajika. Tuliondoka bila ya kulipa. Kijana alikasirika, dalali alikasirika zaidi.

Kwa hiyo kabla ya arbuni: nenda ofisi ya ardhi upate taarifa ya usajili ya hati ile, uone jina, na kama kuna zuio au rehani ya benki. Chukua mpima ardhi wako, si wa muuzaji. Kaa na majirani na wazee wa msikiti. Nenda mahali pale wakati wa mvua, usiende kiangazi peke yake. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba za watu katika kinamasi cha Lubigi, magharibi ya Kampala. Wengi wa waliobomolewa walikuwa watu wa kawaida waliojenga kwa jasho lao. Maji yanayotuama Aprili yanakwambia jambo ambalo muuzaji hatakwambia, ingawa sharia inamlazimu kuitaja kila aibu anayoijua katika kitu anachouza.

Mjomba alinunua miezi mitano baadaye, vyumba vinne, si vitano, mbali kidogo na barabara, kwa mwenye hati aliyekuja na mkewe kutia saini.

Nawawi na theluji ya paani

Baada ya kununua ndipo mtu anakuwa mwenye nyumba, na hapa vitabu vyetu vina maelezo ya ndani kuliko tunavyodhani. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 1277) katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wa pwani wamekisomesha vizazi na vizazi, anaanza na ufunguo: ni wajibu wa mwenye nyumba kumkabidhi mpangaji. Ukarabati ni juu ya mwenye nyumba. Asipofanya haraka, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Kisha anasema kuondoa theluji juu ya paa ni kazi ya mwenye nyumba, na kufagia uwanja ni kazi ya mpangaji.

Darasani tulicheka. Theluji na sisi wapi na wapi? Nawawi alikuwa mtu wa Sham, na huko huanguka. Lakini tazama mstari alioupiga. Kinachohusu uzima wa jengo ni cha mwenye jengo, kinachotokana na kukaa ni cha anayekaa. Badilisha theluji uweke bati linalovuja, ukuta uliopasuka, nyaya za umeme zilizooza, na utajua nani alipe. Shimo la choo, mita ya Yaka, bomba la pamoja, hayo yana ada yake katika kila mtaa, na panapokuwa na utata yaandikwe katika mkataba.

Mpangaji naye, katika fiqhi, ameshika nyumba kwa amana. Kikiharibika kitu bila ya uzembe wake, halipi. Kuimeza amana aliyoweka mwanzoni kwa sababu rangi imefifia baada ya miaka mitatu ni kula mali ya mtu kwa batili. Na akiwa amelipa miezi sita mbele kisha nyumba ikabomoka mwezi wa pili, mkataba umevunjika kwa muda uliobaki na anarudishiwa fedha ya miezi minne. Nimewauliza wenye nyumba watatu kuhusu hili. Wawili waliniambia fedha ikishaingia hairudi.

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 imekwenda njia iliyo karibu na hii. Mkataba wa thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mpangaji haondolewi bila amri ya mahakama, wala hakatiwi maji au umeme ili atoke. Wenye nyumba wengi wanailaumu kwamba imewafunga mikono mbele ya wapangaji wasiolipa, na malalamiko yao si ya uongo mtupu. Mahakama ni mbali na ni ghali kwa mtu wa vyumba vinne. Maoni yangu ni kwamba dawa yake iko mwanzoni, katika kumjua mpangaji kabla ya kumpa ufunguo: anafanya kazi wapi, alikaa wapi kabla, nani anamdhamini. Kudhaminiwa ni mlango kamili wa fiqhi, na hatuutumii.

Mpangaji mmoja wa mjomba, dereva wa bodaboda, alivunjika mguu mwezi wa nne baada ya kuhamia. Miezi mitatu hakulipa. Mjomba alinipigia simu akiuliza nini hukumu. Nikamwambia aya ya 280 ya Suratul Baqara: mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Akaniuliza: na mimi fundi wa paa nimlipe na nini? Swali lake lilikuwa la haki. Kumpa muda mwenye dhiki hakumaanishi chumba ni chake bure milele. Mwenye nyumba anaweza kutohuisha mkataba ukiisha. Walikaa chini, wakaandika: deni la nyuma litalipwa kidogo kidogo akianza kazi, na atahamia chumba kidogo cha nyuma kwa kodi ndogo. Mpaka leo amelipa kama nusu. Kilichomwezesha mjomba kuvumilia ni zile fedha alizokuwa ameziweka kando tangu mwanzo kwa ajili ya miezi mitupu. Angekuwa na deni la benki linalongoja tarehe 5, sijui angezungumza na yule kijana kwa lugha gani.

Zaka, na fedha ya dada

Nyumba ya kupangisha yenyewe haina zaka kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, hata iwe na thamani gani. Baraza la Fiqhi la Jeddah liliamua hivyo Desemba 1985: zaka iko katika kodi, asilimia 2.5 ya kilichobaki mkononi, ikifikia nisabu (thamani ya gramu 85 za dhahabu) na kupitiwa na mwaka tangu ilipopokewa. Sheikh Yusuf al-Qaradawi alikuwa na rai nyingine. Aliifananisha nyumba na shamba, akaona itolewe sehemu ya kumi ya pato baada ya kutoa gharama. Wa vyumba vinne, ambaye kodi yote inakwenda kwenye chakula na karo, kwa rai ya wengi huenda asiwe na zaka yoyote juu yake. Lakini aliyenunua kwa nia ya kuuza bei ikipanda, ameweka bidhaa ya biashara, na kila mwaka atathmini nyumba nzima na kutoa zaka ya thamani yake, hata kama kwa sasa kuna mpangaji ndani. Nia ya siku ya kununua inabadilisha hesabu yote, kwa hiyo ijulikane siku hiyo.

Na nirudi kwa dada aliyeko Uarabuni. Ndugu aliyepokea fedha zake ili amnunulie nyumba ni wakala. Wakala hanunui kwa jina lake, hakopi kidogo kwanza katika fedha zile akitumaini kurudisha, na hajilipi mshahara ambao hawakukubaliana. Akitaka ujira kwa kazi ya kukusanya kodi na kusimamia mafundi, ni haki yake kuuomba, useme wazi ni kiasi gani kwa mwezi, na dada akubali. Hati iandikwe jina la dada. Kila mwezi amtumie picha ya daftari: nani amelipa, nani hajalipa, fundi amechukua ngapi. Zaka ikipasa ni ya dada, na kodi ikishafika mkononi mwa wakala imefika kwake. Mwaka unaanza kuhesabiwa hapo, hata kama yeye yuko Riyadh na hajaiona shilingi moja.

Wallahu aalam.